Salamu kwa Maiki

Kila Jumamosi jioni, kabla bendi haijaanza kupiga uwanjani, mume wangu, fundi mitambo, huigusa maiki kwa mgongo wa mkono. Maiki ikiwa na umeme, mkono unaruka. Ukiishika kwa kiganja, vidole vinaganda hapo hapo. Watu humwita Bwana Salamu, eti anaisalimia. Wacha wacheke. Si wao waliombeba mwimbaji mmoja aliyewahi kupigwa shoti na maiki.

Jana manyunyu yalilowesha nyaya. Fundi akiwa bado amepiga magoti nyuma ya spika, binti yetu, mwimbaji wa siku hiyo, akaiendea maiki. Nilifungua mdomo nipige kelele.

Binti akasimama. Akageuza mkono, akaigusa kwa mgongo wa mkono.

“Shikamoo,” akaiambia.

Nyuma ya spika, baba yake akaitikia, “Marahaba.”