Mlinzi wa Kabichi Asiyelala

Kwa muda mrefu niliamini kwamba jirani yangu, Arvid Kangas, alikuwa mlafi, na niliamini hivyo kwa utulivu wa mtu aliyesoma. Nina shahada ya biolojia, na somo hilo ndilo ninalofundisha katika shule ya sekondari hapa kwetu, bonde la Matanuska, Alaska. Sikuhitaji, nilidhani, ushahidi mwingine zaidi ya tumbo lake. Kila kiangazi tumbo hilo lilikua. Kila majira ya baridi lilipungua. Nami nikaliweka katika fungu la mambo ya tabia. Huyu, nikajiambia, ni mtu asiyeweza kujizuia wakati chakula ni kingi. Siku hizi sina hakika tabia inaishia wapi na mwili unaanzia wapi, na sina hakika kama niliwahi kujua.

Arvid ni dereva wa basi la shule. Ameishika njia ile ile, kupitia mashamba ya viazi hadi mjini Palmer, miaka mingi kiasi kwamba sasa anawabeba watoto wa wale aliowabeba zamani, na akiwakaripia huwaita kwa majina ya wazazi wao. Shule zikifungwa hulima kabichi. Sisemi kabichi za kula. Nasema kabichi za mashindano, zile zinazopelekwa kwenye maonyesho ya kilimo mwishoni mwa Agosti zikiwa zimelazwa juu ya blanketi, zimebebwa na wanaume wanne kama majeruhi. Mwanga wetu wa kiangazi haukatiki, nazo hunenepa usiku na mchana. Adui yao ni musi, yule paa wa huku anayempita farasi kwa kimo, ambaye huvuka uzio kama anayevuka kizingiti na kumaliza jasho la msimu mzima kabla hujavaa viatu. Kwa hiyo wakulima wa kabichi hukesha. Arvid alikesha kwenye kiti cha kukunja, sufuria na mwiko mapajani kwa ajili ya kupiga kelele, mbwa wake Pulla akiwa miguuni.

Mwaka ninaousimulia, mwezi Mei, muuguzi Agrafina Evanoff, ambaye huwapima madereva wa mabasi, alimkuta na sukari nyingi katika damu. Alimtaka arudi Agosti kabla shule hazijafunguliwa. Sukari ikiwa haijashuka, hatamsainia cheti cha afya, na pasipo cheti hakuna basi. Arvid alirudi nyumbani akamweleza mkewe, Marlys, kwamba ameagizwa apunguze kula.

Marlys aliogopa kuliko mgonjwa mwenyewe.

"Ukinyang'anywa basi, majira ya baridi utakuwa unashinda wapi?"

"Hapa nyumbani."

"Hapa wapi?"

"Jikoni. Na wewe."

Siku hiyo hiyo Marlys alianza kuchemsha mboga.

Nisidhaniwe kwamba walikuwa hawapendani. Walipendana vizuri sana, kwa masharti kwamba mmoja wao aondoke asubuhi na kurudi alasiri. Bila basi, Arvid angekuwa mtu wa kukaa dirishani na kumwelekeza mkewe namna ya kukatia vitunguu. Hilo wote wawili walilijua, na ndilo lililowafanya waifuate ile lishe kama watu wanaotumikia kifungo.

Wiki chache baadaye niliitwa mezani kwao kuwa shahidi.

"Mwalimu, wewe una macho," Marlys aliniambia. "Sahani hii ina nini?"

"Majani," nikasema.

"Na jana ulipopita ilikuwa na nini?"

"Majani."

"Sasa muulize huyu mzee mizani inasema nini."

Arvid aliendelea kutafuna polepole, kama anayesoma kitabu kigumu. "Inasema nimeongezeka," alijibu. "Labda mizani nayo ina njaa."

Marlys alikuwa amekwisha kutia kufuli kwenye friza kubwa la gereji, ambamo familia yoyote ya huku huweka samaki wa samoni na nyama ya musi za mwaka mzima, na ufunguo akauvaa shingoni. Uzito haukushuka. Akanigeukia mimi.

"Humpi kitu kupitia uzio?"

"Mimi?"

"Watu mliosoma mna huruma za kijinga."

Nilikana, na kwa kuwa nilikana kwa maneno mengi mno, hakuniamini. Kisha likazuka jambo jingine: Pulla alianza kukonda. Mbavu zilijitokeza, mkia ukalegea. Marlys akampeleka kwa daktari wa mifugo akiwa na hakika ni minyoo, akarudi akiwa na uso mwekundu.

"Hana minyoo. Ana njaa. Daktari kaniuliza mbele za watu kama tunamlisha. Hii nyumba ina nini? Mume anakula majani ananenepa, mbwa anakula samaki anakonda."

Ningependa kusema kwamba mtaalamu wa biolojia aliyekuwepo aliunganisha mambo hayo mawili papo hapo. Nilichofanya ni kuzungumzia tezi za mbwa.

Jibu nililipata bila kulitafuta, mwishoni mwa Juni, nilipoenda kumrudishia Arvid reki yake. Saa zilisema ni usiku, ingawa jua lilikuwa bado limeegemea milima na mtu angeweza kusoma gazeti. Arvid alikuwa amenipa mgongo. Mapajani, badala ya sufuria, alikuwa na mfuko wa samaki wakavu wa mbwa.

"Kipande kimoja chako," alikuwa akimwambia Pulla, "viwili vyangu. Usiniangalie hivyo, mimi ndiye niliye kazini."

Nikakohoa. Hakushtuka, alinisogezea ndoo nikalie.

"Mwalimu, njaa hii siyo ya kawaida. Jioni nakula yale majani, nashiba, namshukuru mama. Baada ya saa kadhaa naona kila kitu ni chakula. Juzi nilimtazama Pulla mpaka akahama miguuni pangu."

"Unalala kiasi gani?"

"Nalala nikichoka."

"Na mara ya mwisho ulichoka lini?"

Alifikiri. "Oktoba."

Hapo ndipo nilipopata mwanga, au nilipodhani nimeupata. Nilimweleza, kwa sauti ambayo wanafunzi wangu wanaifahamu na kuiogopa, kwamba hamu ya kula haikai tumboni peke yake. Tumbo hutoa homoni inayoupelekea ubongo habari ya njaa, na mafuta ya mwili hutoa nyingine inayopeleka habari ya shibe. Mtu akikosa usingizi, ya njaa hupaza sauti na ya shibe hunong'ona.

"Kama mimi na Marlys," akasema.

"Nani anayenong'ona?"

"Unauliza?"

Nikaendelea. Ubongo uliochoka hautamani majani. Unatamani mafuta na sukari. Na ile insulini inayopaswa kuitoa sukari kwenye damu na kuiingiza mwilini hufanya kazi kwa uvivu, kama karani aliyekesha. Kuhusu usingizi wenyewe, ubongo hutoa homoni yake pale giza linapoingia, na Juni yetu haina giza la kutosha kumdanganya hata kuku. "Wewe huna tatizo la ulafi," nikamaliza. "Una tatizo la kulinda kabichi."

Arvid alinitazama kwa mshangao mkubwa. Aliniomba nirudie ile habari ya homoni mbili, nikairudia kwa furaha. Kisha akashusha pumzi, akazitazama kabichi zake tatu zilizokaa kama viti vya sebuleni.

"Maskini," alisema. "Nikilala mimi, hizi zitaangaliwa na nani?"

"Na mimi," nikasema. Sikungoja hata amalize kuuliza vizuri.

Kesho yake Marlys alibandika karatasi za alumini kwenye dirisha la chumba chao, kama zilivyo katika nyumba nyingi huku, hadi chumba kikawa cheusi kama pango. Arvid alilala. Alilala usiku ule na uliofuata, na Marlys alikuja uani kunieleza kwa sauti ya chini kwamba mtu wake anakoroma kama basi lililokwama matopeni, na kwamba asubuhi amekula sahani moja akaisukuma mbali mwenyewe. Pulla akaanza kurudisha mbavu zake mahali pake.

Mimi nilikaa kwenye kiti cha kukunja. Nilikuwa nimejiandaa kwa vitabu viwili na imani kwamba mtu anayejua jinsi jambo linavyofanya kazi hawezi kutekwa nalo. Kwa shukrani, Marlys alikuwa akiniachia pai ya beri za porini jikoni, kipande kimoja chini ya kitambaa. Kufikia katikati ya Julai alikuwa ananiachia pai nzima, na nilikuwa nikijieleza, kila nikiinuka kuifuata, kwamba ninanyoosha miguu. Nilijua ni homoni. Nilizitaja kwa majina nikiwa na kijiko mkononi. Mkanda wangu ulisogea tundu moja, kisha jingine, na hakuna hata mara moja niliyojiita mlafi. Nilijiita mtu aliyechoka.

Musi alikuja nikiwa jikoni. Nilitoka mbio na sufuria, nikapiga kelele za kuamsha bonde zima. Yeye alinitazama, akamalizia alichokuwa akitafuna, akaondoka bila haraka. Kabichi kubwa kuliko zote ilikuwa na shimo katikati ambamo ningeweza kuweka kichwa changu, na kwa muda nilifikiria kufanya hivyo. Arvid hakuamka.

Asubuhi aliinama akachungulia shimo lile.

"Ilikuwa pai ya nini, Mwalimu?"

"Ya beri."

"Tamu?"

"Tamu sana."

"Basi afadhali," alisema, akaenda kuzimwagilia mbili zilizobaki.

Agosti alipimwa. Marlys alimsubiri kwenye gari huku ameshika usukani kwa mikono miwili, injini ikiwa imezimwa. Uzito ulikuwa umepungua kidogo tu, lakini sukari ilikuwa imeshuka vya kutosha, na muuguzi Agrafina akatia saini. Jumatatu ya kwanza ya shule nililiona basi likipita, na Arvid akinipungia mkono kwa heshima niliyoiona ni ya mtu aliyeokolewa na elimu yangu.

Kabichi yake ya pili kwa ukubwa ilishika nafasi ya sita kwenye maonyesho. Tulikuwa tumesimama kando ya mizani, mimi na muuguzi Agrafina, tukila viazi vya kukaanga, nilipomweleza kwa unyenyekevu wa kutosha jinsi nilivyogundua kwamba kilichomponza Arvid kilikuwa usingizi.

"Umegundua?" akauliza. "Mimi nilimwambia tangu Mei. Nilimwambia alale, mambo ya chakula tutayaona baadaye. Akaniambia hawezi, ana kabichi."

"Kwa nini basi alimwambia Marlys habari ya chakula tu?"

"Angemwambia usingizi, angefungiwa ndani siku ile ile, na shamba lingebaki bila mtu." Alichovya kiazi kwenye chumvi. "Mwezi Juni alinipigia simu. Aliuliza kama kuna ubaya akimwacha jirani mmoja msomi aligundue mwenyewe, maana mtu wa aina hiyo akigundua jambo hujitolea."