Mshonaji wa Malvern anayegawa nyimbo kabla sauti haijaondoka

Jumamosi saa nane mchana, Barabara ya Jules, mtaa wa Malvern, Johannesburg. Dukani kwake, Clémence Ntirampeba anasimamisha cherehani, anakata uzi kwa meno, kisha anageukia benchi walikobanana wanaume wanne wanaoimba besi kwenye kwaya yake.

"Shikeni hii," anasema kwa sauti ya kukwaruza, halafu anaimba mstari mmoja. Wanaume wanaurudia. Anatikisa kichwa.

"Hapana, mnaburuza. Niko nawapa wimbo, si gunia la viazi!"

Benchi zima linacheka, kisha linaanza upya. Mteja aliyefuata sketi yake amesimama mlangoni akisikiliza. Sketi yenyewe inaelekea ameshaisahau.

Mama huyu Mrundi mwenye miaka arobaini na sita hushona siku sita kwa wiki, na nusu ya anachopata humezwa na kodi ya chumba anachoishi na binti yake, Joséline, huko Bellevue. Lakini katika kanisa lao dogo la Observatory, ambako Warundi, Wakongo na Watanzania husali pamoja kwa Kiswahili, anajulikana kwa kazi nyingine. Nyimbo nyingi zinazoimbwa pale amezitunga yeye.

Zote anazo kichwani. Kwaya yao haitumii noti wala karatasi. Mtunzi huimba sauti ya kwanza, wahusika wakaishika, kisha ya pili na ya tatu, mpaka besi. Asiyeupokea wimbo kutoka kinywani mwa mtunzi, kwao bado hajaujua.

Ndiyo maana Septemba hii ya 2013 Clémence hatulii. Uvimbe wa tezi uliotolewa shingoni mwake miaka miwili iliyopita umerudi upande wa pili. Atapasuliwa tena mwezi ujao, na daktari amemweleza bila kuzunguka kwamba safari hii sauti inaweza isirudi. Wimbo wowote ambao kwaya itakuwa haijaushika utapotea naye angali hai.

Alizaliwa Rumonge, akakimbia vita, akaishi kambini Kigoma. Huko ndiko alikojifunza kushona na kutunga. Mwaka 2008, wageni waliposhambuliwa hapa Johannesburg, jirani yake Mzulu alimfichia cherehani chini ya kitanda, naye Clémence akalala na mtoto kwenye sakafu ya kanisa. Alitoka pale na wimbo mpya, na ulikuwa wa kushukuru.

"Nilikuwa hai, mtoto hai, mashine iko," anasema. "Donc, basi, ningelalamika nini?"

Kisa cha upasuaji wa kwanza husimuliwa kanisani hadi leo, na wanaokisimulia hushindwa kukimaliza kwa kicheko. Clémence alitoka hospitali na kisauti cha kifaranga. Alikuwa na wimbo mpya, na kungoja apone hakuweza. Mstari wake unasema, "Umenishika mkono njia ilipoteleza," lakini kila akifika kwenye "njia" pumzi ilimwishia. Alinyamaza, akavuta hewa, ndipo akamalizia.

Kwaya iliushika kama ilivyozoea, yaani ulivyotoka kinywani mwake. Jumapili wakasimama wote, wakaimba kwa sauti ya chini, wakafika kwenye "njia", wakanyamaza. Kanisa zima kimya. Kisha wakamalizia kwa pamoja: "Ilipoteleza."

"Mana yanje, Mungu wangu! Nilitaka ardhi inimeze," Clémence anasema akijifunika uso kwa kitambaa alichokuwa akikipinda. "Nikasema, eish, hawa watu nimewafundisha ugonjwa wangu!"

Jean-Claude, kiongozi wa kwaya, bado anajitetea. "Sisi tulijua ndivyo wimbo ulivyo. Mama Joséline akinyamaza, tunanyamaza. Angekohoa, tungekohoa."

Baada ya ibada, mjane mmoja aitwaye Léocadie, aliyekuwa amemzika mumewe wiki ile ile, alimfuata Clémence nje na kumshika mikono. "Mimi nilijiandaa kumwomba msamaha," Clémence anakumbuka. "Yeye akaniambia, 'Mama, pale mliponyamaza ndipo na mimi nilipata nafasi ya kuomba.'" Tangu siku hiyo hakuna aliyebadili wimbo ule, na kimya chake kimebaki hapo hapo.

Sauti yake ilirudi polepole, si yote, lakini ya kutosha kufundishia. Sasa kila Jumamosi waimbaji wanapokezana kwenye benchi la dukani. Nyimbo tatu zimebaki. Hata Joséline, ambaye humjibu mama yake kwa Kiingereza kutwa nzima, amejiunga na sauti ya kwanza bila kuombwa. Mama mtu alimshonea sare usiku ule ule.

"Pumzisha koo kidogo, Mama," Jean-Claude anamsihi besi inapoanza kunyooka.

"Litapumzika Oktoba," anajibiwa.

Anaogopa? Clémence anaweka mguu juu ya pedali.

"Naogopa, sitakudanganya. Lakini hii miaka miwili Mungu alinipa sauti ambayo sikuitegemea. Nimeitumia yote. Nitamdai nini tena?"

Kama haitarudi, mpango anao. Jumapili ya kwanza atakayoweza kutembea hatasimama na kwaya. Atakaa kwenye viti, katikati ya watu.

"Tangu kambini nimeimbia watu," anasema. "Mimi mwenyewe sijawahi kuimbiwa. Safari hii na mimi nataka nikae, waniimbie."