Gari Lililomeza Ng'ombe wa Dada

Kwetu Tarime, mvulana mwenye dada ni tajiri kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Dada akiolewa, ng'ombe wa mahari wanaingia zizini, na ndio hao hao kaka atakaowatoa akioa. Dada yangu aliacha shule kidato cha pili akaolewa Nyanungu kwa ng'ombe kumi na wawili. Mimi nilibaki zizini nikiwatazama kwa fahari, utadhani kuna siku niliwahi kuwachunga.

Baba alipofariki, ng'ombe wakaja mikononi mwangu, ila akili ya kuwatunza haikuja nao. Nilikuwa nimepanga chumba Nkende, natengeneza simu, na nilishagundua kwamba kijana wa mjini haheshimiwi kwa samadi. Nikawauza wote kwa jirani yetu wa kijijini. Nikaenda Mwanza, nikarudi na gari dogo jekundu la milango miwili, lina spoila nyuma kama bawa, rimu zinazong'aa, na bomba la moshi linalounguruma hata likiwa limesimama. Mama aliuliza watu wa nyuma wanaingilia wapi. Nikamweleza kwa upole wa msomi kwamba hili si gari tu, ni uwekezaji.

Uwekezaji wenyewe ulikuwa na tumbo linalogusa ardhi. Nikienda kijijini, bodaboda wenye mizigo ya mkaa walinipita wakinipa pole. Mwezi wa kwanza dalali mmoja wa Nkende alilizunguka gari, akasema nikiuza nitapata thamani ya ng'ombe tisa. Nilimcheka. Mwaka uliofuata akasema sita, na mwaka wa tatu wanne, tena mnunuzi asije na fundi.

"Mura, gari kama hili linanunuliwa na kijana asiye na mke," alinieleza. "Mnunuzi wa pili akija, anauliza spea zinapatikana wapi na mafuta linakunywaje. Halafu kila anayeliona anajua lilikimbizwa. Nani ananunua gari kama hili aliendeshe polepole?"

Wakati huo ng'ombe wangu wa zamani walikuwa wameendelea na tabia yao ya kuzaa. Siku moja nilikutana nao wakivuka barabara. Mmoja, mweusi mwenye pembe moja, alisimama mbele ya gari, ndama wake akiwa ubavuni, akanitazama. Nilipiga honi. Hakusogea, na sikuona sababu ya kumlaumu.

Kisha nikapenda. Alikuwa fundi cherehani wa Kemambo, na alipenda kila kitu changu isipokuwa gari. Nilimpenda kiasi cha kulala vibaya. Nikaenda kwao, nikamwamkia baba yake shikamoo, na kwa kuwa sikuwa na aibu, nikamwomba apokee gari badala ya mahari. Mzee alilitazama kwa muda mrefu.

"Likiumwa, linaliwa?"

"Hapana, mzee."

"Basi leta ng'ombe kumi kabla ya mavuno. Kuna mwenzako anakuja hapa kwa miguu, lakini ng'ombe wake wanamtangulia."

Kufikia hapo nilikuwa nimeshauza spoila na zile rimu zinazong'aa, nikafunga za kawaida, ili kutengeneza gia boksi, na dalali alikuwa ameshuka hadi mitamba wawili. Mavuno yalikuwa yamebaki wiki tatu. Nikafanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka naona haya peke yangu chumbani: niliendesha hadi Nyanungu kumwomba dada amshawishi shemeji aniazime ng'ombe.

Nilimkuta akitoka kisimani, ndoo kichwani. Hakuwahi kuliona gari lile. Aliitua ndoo, akalizunguka taratibu, akapitisha kiganja juu ya boneti kama anayepapasa mgongo wa mnyama.

"Kwa hiyo ndio hawa," alisema. "Yule mweusi wa pembe moja yuko wapi hapa? Ndiye aliyeletwa wa kwanza, siku niliyorudisha vitabu shuleni."

Nilitazama matundu mawili nyuma ya gari, pale ilipokuwa spoila. Kisha, kwa sababu mtu mwenye shida hana haya, nikamweleza kilichonileta. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Afadhali angenitukana.

"Mdogo wangu," alisema, "mimi siwezi kuolewa mara ya pili."

Nikaingia ndani ya gari langu kwa haraka yote ya mtu aliyeaibika, nikawasha. Halikuwaka. Nikajaribu tena, halikuwaka. Kwenye kioo nilimwona dada akiisogeza ndoo pembeni ya njia. Akajifunga kanga vizuri kiunoni, akaweka mikono yote miwili juu ya yale matundu, akaanza kunisukuma.