Kupinduka Penye Kina

Siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu, na nitakusimulia kabla hujaushusha majini huo mtumbwi wako wa plastiki. Nimeuona. Unakaliwa juu, una vitundu vya kutolea maji na mahali pa kuchomeka fimbo ya kuvulia. Chombo hakinitii wasiwasi. Mwenye chombo ndiye ninayetaka kusema naye.

Tulikuwa tumerudi kwetu Koboko, Uganda, kutoka ukimbizini Zaire, miaka ya themanini ikielekea mwisho. Baba alikuwa askari zamani, hakuwa na shamba la kutugawia. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, kazi hakuna. Dada yangu Halima alikuwa ameolewa na mvuvi wa Rhino Camp aitwaye Aluma, basi nikateremka hadi kule kando ya mto Nile kukaa kwao. Nilitaka kitu kimoja tu: mtumbwi wangu mwenyewe.

Pale mtu hakupewa mtumbwi mpaka apinduke mbele ya watu. Unatoka ufukweni peke yako, unaupindua kwa makusudi, unaugeuza, unausukasuka mpaka maji yamwagike, unapanda, unarudi umekaa. Ukishindwa unachekwa, na wiki nyingine unajaribu tena. Hakuna aliyefukuzwa kwa kushindwa. Hilo sikulitia maanani.

Kwa kafi nilikuwa hodari, na sioni haya kusema hivyo hata leo. Niligeuza mtumbwi papo hapo kwa kuchora nusu duara pana majini, na niliuvuta kiubavu mpaka kwenye nyavu bila kuamsha hata wimbi. Kupanda tena ndiko kulikonishinda. Nilijaribu kwa siri, nikashindwa kila mara. Katika kujaribu huko nikagundua fungu la mchanga karibu na mafunjo, ambapo maji yalinifika kifuani.

Siku yangu ilipofika nikaenda kupinduka pale pale. Nilikunja magoti, na waliokuwa ufukweni waliona kichwa tu. Nikasimama juu ya mchanga, nikaugeuza mtumbwi, nikapanda kama mtu anayepanda kitanda.

"Aluma," mzee mmoja akaita, "kumbe wewe naoa kwa ukoo ya viboko wa mto!"

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Aluma akatabasamu kidogo. "Shemeji, hii ni mzuri," akasema. "Lakini kwanza tunavua pamoja, mimi na wewe."

Tukavua pamoja, mpaka asubuhi ile wavu uliponasa kwenye gogo katikati ya mto. Nilivuta kwa nguvu zote. Wavu ukaachia ghafla, nikayumba nyuma. Hapo ilinipasa kulaza kafi juu ya maji na kulikandamiza, kwa maana kafi lililolala ni mkono wa tatu, huku nikiacha kiuno kilegee kifuate mtumbwi. Mimi nikakaza mwili na kushika ukingo kwa mikono miwili. Tukapinduka wote.

Aluma aliugeuza mtumbwi, akausukasuka, akashika ukingo wa upande wake ili nami nipande upande wangu.

"Miguu yako iko wapi?" akaniuliza.

"Chini."

"Chini ya mtumbwi? Toa huko. Piga maji mpaka mugongo inaona jua."

Sikumsikiliza. Nilining'inia wima na kujivuta kwa mikono, nao mtumbwi, gogo zima la mti lililochongwa, ukamrukia na kumpiga begani. Nilisikia mfupa ukivunjika. Akashika ukingo kwa mkono uliobaki.

"Tena," akasema. "Miguu kwanza."

Nikapiga maji kwa miguu mpaka nikalala juu ya uso wa mto. Nikateleza kwa tumbo kukatisha mtumbwi, uso chini, nikageuka kuweka makalio, na miguu nikaiingiza mwisho. Haikuwa kazi ya nguvu hata kidogo. Nikamvuta Aluma ndani, nikapiga kafi kurudi nyumbani.

Halima alikuwa akimfunga mkono kwa kitenge Aluma aliposema, bila kupandisha sauti, "Ile siku ulisimama kwa mchanga."

"Ulijua?"

"Mimi nazaliwa hapa. Ile mchanga najua kama kitanda yangu."

"Mbona hukusema?"

Akamtazama dada yangu kwanza. "Mbele ya watu niseme shemeji yangu ni mwongo? Nikasema nitamufundisha polepole. Sasa sisi wawili iko na makosa."

"Wajinga wawili katika nyumba moja," Halima akasema, akakaza fundo.

Wiki ile ile nilisimama mbele ya wavuvi wale wale, nikawaeleza habari ya mchanga. Kisha nikaenda penye kina. Nikashindwa, wakacheka, nikarudia mpaka nikapanda. Bega la Aluma halikupona likaweza kafi tena. Akawa mshonaji wa nyavu, na mtumbwi niliopewa, mwanangu, ulikuwa wake. Nilivulia mtumbwi huo miaka mingi, nikalisha nyumba mbili. Ningeurudisha kesho kama bega lile lingerudi.

Basi chukua ninachokupa. Mtumbwi wako haujai maji, lakini hautageuka wenyewe. Ukipinduka, panda juu ya tumbo lake, shika ukingo wa mbali, jilaze nyuma, nao utakufuata. Miguu ipige maji mpaka ulale. Tumbo, makalio, miguu, kwa mpangilio huo. Fimbo na kamba zifungwe zisikutatize, na boya la kifuani usilivue. Hayo yote utayajifunza, wala sina shaka nawe. Lakini yajifunze maji yakiwa yamekupita kimo, mwenzako akiwa karibu, na siku unaposhindwa mwambie kwamba umeshindwa. Na ukimwona mwenzako amesimama kwenye mchanga, usimstahi kama Aluma alivyonistahi mimi. Mwambie, hata kama ni shemeji yako.

Mungu akujalie kiuno chepesi na kinywa kisichoona haya kusema "bado sijaweza". Kila utakapoanguka, uinuke, na kila aliyetoka nawe arudi nawe akiwa mzima, mabega yake yote mawili.