Oili Nyeupe ya Difu

Gari lile lilikuwa langu kabla sijamuuzia shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Yeye akaliinua kwa springi ndefu na matairi makubwa. Mvua zilipokatika nikarudi Ifakara kutoka kwenye kuzurura kwangu, akaniita kwake Katindiuka tubadilishe oili ya difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma.

Niliingia uvunguni bila jeki, nafasi ilitosha. Nikaanza na nati ya kujazia, maana ukishamwaga oili halafu nati ya juu ikagoma kufunguka, gari haliendi popote. Kisha nikafungua ya chini. Oili ikatoka nyeupe kama chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia.

“Umelizamisha wapi?”

“Uliza nisikokwenda, shemeji. Mngeta, Chita. Masika yote nimevusha mpunga wa watu.”

Niliitazama ile oili nikaona wivu. Enzi zangu ilikuwa ikitoka nyeusi, kwa sababu gari lilikuwa fupi na kila nilipokuta maji nilikuwa nageuza.

“Wewe ulikuwa unalifuga,” akasema, “kama kuku wa mayai.”

Nikacheka, kwa kuwa shemeji hakasirikiwi. Nikamwomba masika ijayo aniachie usukani, nilivushe mwenyewe walau mara moja.

“Utakaa kushoto,” akasema. “Maji yakiwa mengi utashuka kupima kina.”

Nikakubali. Nati ya chini niliikaza kuliko inavyotakiwa, nikamwambia alete oili mpya.