Mkeka wa Lagimaina, Uliosukwa Bila Kunyanyuka

Haya yote ni kweli tupu. Mwandishi aliyaona kwa macho yake mawili, na asiyeamini aende kisiwani Savai'i akaulize.

Saa nne asubuhi. Katika nyumba ya kusukia, wanawake wananyanyuka, wanajinyoosha, wanakunywa koko, kinywaji chao cha kakao, na kusengenya. Lagimaina Tuilave peke yake amebaki chini, vidole vikipita kwenye chane za majani ya mkadi, nyembamba kama uzi.

"We mtoto, inuka," anasema Mama Fuatino, kiongozi wao. "Huo mgongo umeukodi?"

"Mkeka hauniulizi mgongo, Mama. Unaniuliza siku."

Kaka yake anakaribia kuvikwa cheo cha uchifu. Siku hiyo kila nyumba ya ukoo itatandaza mkeka wake laini, na isiyokuwa nao itanyamaziwa. Kunyamaziwa huko ni kubaya kuliko kutukanwa. Mkeka kama huo huchukua karibu mwaka. Lagimaina alichelewa kuanza, kwa kuwa kimbunga kiling'oa mikadi yake.

Basi akaapa kutonyanyuka. Koko aliinywea palepale, kwa mrija wa bua la mpapai. Kuku mmoja, mwandishi anathibitisha, alimdhania kichuguu akamtagia mapajani.

"Nilijiona shujaa," anasema Lagimaina. "Wenzangu wanacheka, mimi nasuka. Nikawaita wavivu."

Alhamisi moja mguu ukamfia ganzi, ikambidi asimame. Akachechemea hadi ukingoni mwa nyumba, akageuka. Kutoka pale akauona mkeka mzima: katikati ya mng'ao palikuwa na ukanda uliofifia, mpana kama viganja viwili. Jani la mkadi lina uso unaong'aa na kisogo kisichong'aa. Kwa macho yaliyochoka, alikuwa ameweka kisogo juu.

"Kazi ya majuma," anasema. "Nililia mpaka kamasi."

Mama Fuatino akamletea koko. "Ulidhani tunanyanyuka kwa ajili ya hii? Tunanyanyuka tuutazame kwa mbali. Ukiukalia huuoni."

"Si mngeniambia?"

"Tulikuambia kila asubuhi. Ukasema tuna umbeya."

"Umbeya mnao."

"Tunao. Lakini tunausema tumesimama."

Akafumua. Tangu hapo hupumzika na wenzake, na wawili kati yao hukaa ubavuni pake alasiri, wakisuka naye. Sasa mkeka umebaki kutiwa manyoya mekundu pembeni, na siku ya kaka yake haijafika.

"Baada ya huu nitamfundisha binti yangu," anasema. "Somo la kwanza, kusimama."

Mwandishi aliwasomea habari hii kabla ya kuipeleka gazetini.

"Huyo kuku ulimwona saa ngapi?" akauliza Mama Fuatino. "Na Alhamisi ile ulikuwa umeegemea nguzo, unakoroma."

"Nilikuwa napumzika, kama mnavyofundisha."

Nyumba ikaangua kicheko, lakini haikumsamehe mwandishi. Kwa kanuni yao, mwongo hukwangua majani. Mistari hii inaandikwa kwa vidole vilivyochomwa na miiba ya mkadi, na rundo la pili la majani bado halijaguswa.