Biskuti Arobaini za Ziwani

Chekeni tu, mimi nilishamaliza kulia. Lakini siku ile mtaani Ziwani, mbele ya watu tuliotaka wawe wakwe zetu, ningeona hata shimo la panya ningejipenyeza, na mwili huu mnaujua.

Ndugu yangu Mutua alikuwa anatupeleka kwa kina Nekesa, msichana aliyetaka kumwoa, kujitambulisha, ziara ya kwanza kabisa, sisi Wakamba kwa Wabukusu, na kila mtu roho mkononi. Mimi ndiye dada mkubwa, na tangu mama atuache ni mimi nimemlea, kwa hivyo nikasema siendi mikono mitupu, nitaoka biskuti nizipambe kwa aisingi, ile ya sukari laini na ute wa yai ambayo ikishakauka inakuwa ngumu na hairekebishiki tena. Nikataka waone hata lugha yao tunaiheshimu. Jirani yangu hapa Donholm, Mama Naliaka, nilimuuliza mkwe huitwaje kwao, akaniandikia vizuri kwenye karatasi: MUKHWASI. Nikajiambia nitaandika MUKHWASI WETU, watafurahi mpaka waimbe.

Sasa, biskuti nilizikata kwa mdomo wa glasi ya chai (ndogo, ndiyo, lakini zinapendeza), na lile neno halikutaka kuingia. Ya kwanza W ilimwagikia pembeni. Ya pili ikavimba. Ya tatu niliila kwa hasira. Zimebaki arobaini, mfuko wa aisingi unapasuka ncha, mashati ya wazee wetu wa kwenda nao hayajapigwa pasi, na maandishi yanataka saa kadhaa kukauka kabla sijazipanga kwenye sinia. Nikaitazama W, nikaona ndiyo inayokula nafasi yote, nikaitoa. Nani ataikosa? Kwenye simu watu wanakata maneno vipande vipande na tunaelewana. (W ya WETU niliiacha, kule chini palikuwa na nafasi.)

Ziwani tulipokelewa vizuri, maombi yakafanywa, chai ikamiminwa, sinia yangu ikaanza kuzunguka. Nikajiweka sawa kungoja sifa. Ikafika kwa baba mkubwa wa Nekesa, ndiye msemaji wao. Akachukua moja, akavaa miwani, akairudisha kwenye sinia polepole.

"Haya maandishi ni ya nani?"

"Ni yangu, baba," nikasema, tena kwa maringo.

"Hebu simama utusomee."

Nikasimama, nikasoma kwa sauti: "Mukhasi wetu." Shangazi mmoja akapaliwa na chai.

"Na mukhasi ni nini, mama?"

"Ni mkwe, baba."

"Mukhasi ni mke." Hakupaza sauti, na hapo ndipo nilipoanza kutokwa na jasho. "Mmekaa kwa nyumba yetu, hamjasema mmeleta habari gani, hatujawauliza hata majina, na mmeshaandika mtoto wetu ni mke wenu? Mara arobaini?"

Mtu mwenye akili angeomba msamaha. Mimi nikasema, "Baba, ni W haikutoshea."

Mjomba wetu, aliyekuwa msemaji wa upande wetu, alifumba macho. Tukaombwa tutoke nje kidogo, wenyeji washauriane. Tukasimama chini ya kamba za kuanikia nguo tukiwa na suti zetu, majirani wanachungulia, na Mutua akanisogelea.

"Sista, si ungeniuliza? Mesej moja tu." Kisha akasema, "Nikimkosa Nekesa juu ya biskuti..." Mtoto niliyemfunga kamba za viatu akienda shule alikuwa ananiangalia kama mtu asiyenijua. Niliogopa, jamani. Niliogopa kwamba nimemvunjia nyumba kabla hajaijenga, na kwamba hata yeye nimempoteza.

Tulipoitwa ndani, baba mkubwa alituambia kwa upole, "Leo tumekunywa chai na wageni. Habari nyingine hatujaisikia. Mtarudi Disemba, mbishe hodi upya." Ilikuwa Agosti. Sinia nikarudishiwa ikiwa imefunikwa kitambaa, hakuna hata moja iliyoliwa. Nekesa alitusindikiza hadi getini, macho mekundu, akatuaga sote kwa mkono, mimi wa mwisho.

Walioana, Mungu ni mwema, ila miezi ile minne Mutua aliipitisha bila kuniita sista. Siku hizi napamba maua na vipepeo tu. Anayetaka neno aliandike mwenyewe kwenye karatasi, na nikishalichora namwita alisome aisingi ikiwa bado mbichi, awe Mkamba, awe Mbukusu, awe askofu. Kwangu Mutua anakuja, anakula na kucheka. Lakini nikimpa biskuti, hata iliyo tupu kabisa, anaisoma kwanza.